Senene Jike Anayekonda

Kamachumu,
9 Novemba 2023

Mjukuu wangu Kokwijuka,

Ndoo hii usiifungue karibu na chakula cha mtu. Wamo hai, wamekasirika, na wana haki ya kukasirika. Nimetoboa mfuniko kwa msumari kama ulivyoagiza, nikawawekea majani mabichi, nikamkabidhi Bashiri, kondakta wa Kosta ya asubuhi. Nikamwambia, "Hawa si mboga. Hawa wanakwenda Bukoba kusoma." Akaniuliza, "Sare zao ziko wapi, Ta Buberwa?"

Waliofungwa kwenye kitambaa cheupe ni wa taa. Wameruka kutoka wanakokujua wenyewe mpaka wakagonga mabati ya jirani Joackim, anayewatega usiku kwa taa, na kuangukia pipani. Waliobaki nimewaokota kwenye nyasi alfajiri, bado wana umande, hawajasafiri popote. Nimeinama mpaka kiuno kikaniuliza mimi ni nani.

Unasema nitafute simu nyingine baada ya ile yangu kufa. Sitaki. Simu hapa kwetu ni ya barazani: ukisema "haloo", anayeitika ni Ma Benigna jirani, na kabla hujakata habari imeshafika sokoni. Barua ikipanda na senene inafika bila kusimama kwa mtu.

Bibi yako Celina mzima. Anakusalimu. Anasema ule, usile vitabu tu.

Sasa nieleze mimi niliyeishia darasa la nne, tena kwa kusukumwa. Sisi senene tunamnyonyoa mbawa na miguu, tunamkaanga, tunamla. Wewe umepewa koti jeupe ili umfanye nini cha zaidi?

Babu yako,
Buberwa


Hamugembe, Bukoba,
13 Novemba 2023

Babu yangu mpendwa,

Wamefika, wamekufa wachache tu. Mmoja aliruka akamtulia mkuu wetu wa maabara kichwani, akakaa hapo kwenye upara kama mwenye kiwanja. Asante.

Umeuliza kazi yangu, nami nitakujibu kwa heshima ingawa najua utanicheka. Nyuma ya ubongo wa senene kuna tezi ndogo sana, ndogo kuliko punje ya chumvi. Humo inatengenezwa homoni: kipande kifupi cha protini, kama shanga nane tu zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Senene akitaka kuruka mbali, tezi inaimwaga hiyo homoni damuni. Inafika kwenye mafuta aliyojaza tumboni na kuyaambia: tokeni, kuna safari. Mafuta yanatoka ghalani, yanakwenda kuchomwa kwenye misuli ya mbawa. Ndiyo maana wa nyasi wananona, na walioruka umbali mrefu unakuta wamepwaya.

Sisi tunataka kuwafuga kwenye masanduku ili watu wapate senene mwaka mzima, siyo msimu tu. Lakini wakifungiwa wanahangaika, homoni inapiga kelele bure, na wanakonda huku chakula kipo. Tunatafuta namna ya kuinyamazisha.

Jumamosi ya tarehe 25 nataka nije. Sijamwona Bibi tangu Agosti. Mwambie aniwekee ndizi za ebitoke na maharage, na asishinde juani akilima migomba kibanjani.

Mjukuu wako,
Kokwijuka


Kamachumu,
15 Novemba 2023

Shemeji Ildefons, katekista wa Bakoba huko mjini na wa dunia nzima,

Umeniambia nikuandikie bila mzaha. Nitajaribu, ila mkono umezoea.

Dada yako anaisha. Uliyemwona kwenye Pasaka siye huyu. Gauni la kanisani linamzunguka kama limetundikwa kwenye mti wa kahawa. Na anakula, Ildefons! Anakula kunishinda mimi, anamaliza sahani, anaramba mwiko, na nyama haishiki. Maji anakunywa mtungi mzima, kisha anatoka nje, anarudi, anakunywa tena. Macho nayo yamekuwa ya ukungu. Juzi alinisalimia akidhani mimi ni Joackim, na Joackim ni mbaya wa sura.

Nikasema twende hospitali. Akaniangalia kama nimemtukana mamaye.

"Wakanipime nini?"

"Wakupime ugonjwa."

"Ugonjwa upi, Buberwa? Sema jina."

Sikulisema. Wewe unalijua. Katika nyumba hii kukonda kuna jina moja tu. Binti yetu Judica alianza hivi hivi, gauni likizunguka, akaenda mwaka tisini na nane, akatuachia Kokwijuka akiwa hata meno hayajamaliza kuota. Wakamfuata kaka zake wawili. Nikamwambia Celina siku hizi dawa ipo, watu wanazeeka nayo, wengine wanaimba kwaya. Akasema, "Dawa ipo. Na midomo ya watu je, nayo ina dawa? Nimezika watatu wakinihesabia vidole. Sitawapa wa nne nikiwa hai."

Ameniapisha kwa Biblia yangu ya Kilutheri na rozari yake ya zamani, zote mbili pamoja, ili nisipate pa kutorokea: Kokwijuka asijue. "Yule mtoto akiniona hivi," anasema, "ataona mama yake amerudi kufa mara ya pili."

Sasa mtoto mwenyewe anataka kuja Jumamosi. Nitamzuia kwa uongo gani?

Shemeji yako,
Buberwa


Bakoba,
18 Novemba 2023

Shemeji Buberwa,

Nimesoma na nimelia. Nimemwekea Celina nia kwenye misa, japo wewe ulituibia mkamhamishia kwenu.

Usimlazimishe. Hospitali ya huko wafanyakazi wote ni watoto wa majirani. Kabla hajatoka kwenye benchi itakuwa imejulikana. Mvumilie mpaka Krismasi ipite. Januari nitakuja na gari la mtu ninayemwamini, tumlete Bukoba mjini ambako hajulikani, apimwe kwa siri.

Mtoto mwambie barabara imeharibika kwa mvua.

Wako katika Kristo,
Ildefons


Kamachumu,
20 Novemba 2023

Mjukuu wangu,

Usije Jumamosi, wala ile nyingine. Mvua imekula barabara ya kuingilia kwetu. Jana bodaboda mmoja alitumbukia na abiria wake, wakatoka wakiwa na rangi moja, mama mzazi asingewatofautisha. Subiri Krismasi. Bibi yako naye yuko kwenye mambo ya umoja wa wanawake wa usharika, hashikiki.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Shanga nane zinamtoa mtu mafuta! Nimewahi kuwa na afisa wa ushirika wa kahawa wa namna hiyo.

Sasa nisikilize, mimi nimekuwa mtafiti mwenzako. Nina senene mmoja jike, mzee, nimemweka kwenye kikapu jikoni. Huyu hajasafiri popote. Hajaruka. Anakula majani yote ninayompa, tena ananitazama kama nimembania. Lakini anakonda. Kila nikimwangalia amepungua. Anapenda maji sana. Nadhani ile tezi yake imeachwa wazi kama bomba bovu.

Kama angekuwa kwenye maabara yako, ungemfanya nini ili mafuta yasiendelee kutoka? Usinipe maneno ya kitabuni. Nipe kitu ambacho mzee anaweza kukipata hapa Kamachumu. Nijibu upesi, nimemzoea huyu mdudu.

Babu yako,
Buberwa


Hamugembe,
24 Novemba 2023

Babu,

Nimesoma barua yako kwa sauti maabara, wenzangu wamecheka wakakaa chini. Wamekupa cheo: Profesa wa Kikapu. Mkuu wetu anasema ukimchoka huyo jike umlete, tumfanyie uchunguzi.

Najua unanitania, lakini swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni, kwa hiyo nalijibu. Kinachoiamsha ile homoni ni mwili kuona sukari imepungua damuni. Sukari ndiyo kuni za karibu. Mafuta ni kuni za mbali. Sukari ikiwa nyingi, tezi inanyamaza, na mafuta yanabaki ghalani. Wiki iliyopita wetu tumewanywesha maji ya sukari asubuhi na jioni, na waliokunywa wamebaki na mafuta yao vizuri kuliko wenzao.

Kwa hiyo, Profesa, dawa ya jike wako ni utamu. Mpe juisi ya ndizi mbivu, mpe asali, mpe kila saa akitaka. Mwili ukishiba sukari hautagusa mafuta.

Narudisha ndoo ya bluu. Nijazie wa nyasi, wa kijani na wa kahawia mbalimbali.

Mwambie Bibi nimemnunulia kitambaa cha Krismasi. Nimekata kwa kipimo chake kile kile, asije akanenepa akanitia hasara.

Wako,
Kokwijuka


Kamachumu,
27 Novemba 2023

Shemeji Ildefons,

Weka rozari chini unisikilize. Dawa nimeipata, na sikuitoa kanisani kwako wala kwangu. Nimeitoa kwa Kokwijuka, na yeye hajui amenipa.

Nilimuuliza habari za dada yako nikamwita senene. Usinitazame hivyo, ni njia gani nyingine ungeipita wewe, umeapishwa kwa vitabu viwili? Mtoto amejibu kisomi kabisa. Mwili ukikosa sukari, kuna kitu kichwani kinafungua ghala, mafuta yanatoka, mtu anakwisha huku anakula. Ukiupa sukari, kile kitu kinanyamaza. Wamejaribu kwao, imefanya kazi. Juisi ya ndizi, asali, kila saa. Ameandika mwenyewe kwa mkono wake.

Basi juzi nilikata mkungu ulioiva, nikaukamua kwa nyasi kwenye mtumbwi wa kukamulia kama tunavyokamua ya pombe, ila hii nikaiwahi ikiwa tamu, kabla haijafikiria kuwa rubisi. Ndoo ya bluu ya senene nimeiosha kwa majivu, sasa ni ya dada yako. Anakunywa, Ildefons! Alikunywa kikombe, akasema, "Ongeza." Mwanamke ambaye nimeishi naye akinifungia hata sukari ya chai, leo anasema ongeza. Nikamwambia angeanza ulevi mapema tungepatana zaidi.

Na kuna kingine, utanisamehe. Jana nilimkaangia senene. Najua wewe utasema wanawake wetu hawawali, ni mwiko. Celina tangu nimuoe amenyonyoa senene mpaka kucha zikawa za kijani, anakaanga, ananiwekea, anakwenda kuketi upande. Mimi nampa gauni la msimu, yeye ananipa senene, ndivyo tulivyofanywa na waliotuzaa. Nikasema leo kula, una haja ya mafuta. Akakataa. Nikasema hakuna anayetuona. Akasema, "Mimi najiona." Kisha akachukua mmoja, akamtafuna polepole huku amefumba macho. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Kumbe ndivyo. Mlikuwa mnatufanyia ushenzi."

Tukacheka mpaka akashika mbavu, nikaziona zote.

Anasema kiu imezidi. Nadhani ni dawa inafanya kazi. Kama una sukari nzuri ya dukani, mtumie dada yako.

Buberwa


Bakoba,
1 Desemba 2023

Shemeji,

Mungu hupitia kwa watoto. Ninatuma kilo tatu za sukari na chupa ya asali ya Biharamulo, nimempa Bashiri. Habari za senene sikuzisoma. Macho yangu yaliruka mstari huo.

Kwa ajili ya ile kiu, nilimuuliza kwa mbali mtu mmoja wa hapa parokiani anayeumwa sukari. Ni mnene, mfanyabiashara, tumbo linamtangulia mlangoni. Nikajua ule si ugonjwa wa kwetu, maana huo unawashika walioshiba. Kwa hiyo endelea.

Ildefons


Kamachumu,
4 Desemba 2023

Mjukuu wangu,

Kikapu hiki ni cha wa nyasi. Ni wachache, msimu unakatika. Bibi yako mzima, anakusalimu. Nina haraka, Kosta inapiga honi.

Buberwa


Hamugembe,
7 Desemba 2023

Babu,

Tangu lini unaniandikia barua isiyo na matusi? Barua yangu ya tarehe 24 hukuijibu, ndoo ya bluu hukuirudisha, umenitumia kikapu na mistari mitatu. Au Bashiri hakukufikishia? Yule jike wako alinenepa?

Bibi anaendelea na umoja wa wanawake? Nimempigia Joackim simu, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema, "Waulize wenyewe." Babu, kuna nini?

Ijumaa nakuja, barabara iwepo isiwepo.

Kokwijuka


Hamugembe,
20 Desemba 2023

Babu,

Siku ile ya mazishi ya Bibi sikuweza kusema na wewe. Ulikuwa umekaa na wazee, umeshika kikapu cha kamwani, unawapitishia watu kahawa watafune kana kwamba ni msiba wa jirani. Kwa hiyo nakuandikia, kama tulivyozoea.

Nilipofika Ijumaa mlikuwa mmeshamwondoa nyumbani. Nikawakuta hospitali. Bibi hakunijua. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa, na hakuwa na uzito wa mtoto. Muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone kwenye kile kipimo, kipimo kikashindwa kutoa namba. Kimepitwa. Wakabadilisha kipimo, na cha pili hivyo hivyo. Daktari akauliza, "Alikuwa anakunywa nini?" Wewe ukatazama dari. Mimi nikasema, "Maji tu," kwa sababu sikujua.

Kisukari, Babu. Cha muda mrefu. Kile kingine, kile mlichokiogopa, walikipima pia, hakuwa nacho. Hakuwa nacho hata kidogo. Angechomwa kidole mwezi Novemba angepewa dawa, angekuwa jikoni sasa hivi anatugombeza.

Sikukasirika kwa sababu mlinificha. Ninajua alivyokuwa, najua mama yangu alivyokufa na watu walivyosema. Lakini nilipokwenda kufagia chumbani kwake nikakuta kikombe chini ya kitanda. Sisimizi wamekizunguka. Nikanusa: juisi ya ndizi. Nikakaa sakafuni pale pale, nikamkumbuka senene wako jike, mzee, asiyesafiri popote, anayependa maji.

Nilicheka, Babu. Niliisoma barua yako maabara kwa sauti.

Miili ya senene na ya binadamu inafanana kidogo tu. Senene wetu walikuwa wazima; sukari waliyokunywa iliingia mwilini, ikatumika. Kwa Bibi ilikuwa haiingii. Ilijaa damuni huku mwili unalia njaa, na kila kikombe kilikuwa kinamsukuma. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni angejua. Ungeniambia ni mtu ningesema apimwe siku hiyo hiyo. Lakini uliniuliza, na mimi nikajibu kwa majivuno, nikaandika: kila saa akitaka.

Nataka jibu moja. Barua yangu ya tarehe 24 uliisoma kabla hujaanza kumpa juisi, au baada?

Maabara sijaingia tangu nirudi. Nikishika sindano mkono unatetemeka. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko mezani, nasubiri jibu lako ndipo niipeleke au niichane. Usinidanganye.

Kokwijuka


Bakoba,
23 Desemba 2023

Shemeji Buberwa,

Kokwijuka alikuja kwangu jana. Hakuketi. Aliniuliza kama uliwahi kuniandikia habari ya juisi, na lini. Amekonda uso. Nilimwambia nina kikohozi, aje Jumatano baada ya sikukuu.

Mimi ni katekista. Nimefundisha watoto amri za Mungu tangu nina nywele, na ile ya nane, ya kutosema uongo, ninaifundisha kwa fimbo. Sukari ile niliituma mimi, niliifunga kwa mikono yangu. Asali pia. Usiku sipati usingizi, nikifumba macho namwona anakoroga.

Nimwambie nini? Ukweli una haki yake.

Ildefons


Kamachumu,
24 Desemba 2023

Ildefons,

Hujui. Hilo ndilo utakalomwambia. Sikukuandikia kitu. Sukari ulituma ya chai ya wageni, kama kaka yeyote anavyomtumia dada yake. Barua zangu zitie motoni leo, kabla hujaenda misa ya mkesha, na ile ya tarehe 27 itangulie.

Unasema ukweli una haki yake. Sawa. Ukweli huu utamfaa nani? Celina hausikii. Mimi ninao tayari, sihitaji nakala. Wewe unautaka ili ulale. Basi usilale! Kaa macho na mimi, tutakuwa wawili, tunafaa, ni wazee, hatuna usingizi wa maana hata hivyo. Mtoto ana umri wa kulala.

Nilimzika mama yake. Nimemzika bibi yake. Sina nguvu ya kumzika na huyu akiwa anatembea.

Dhambi hiyo niandikie mimi. Mwambie Mungu wako ni ya Mlutheri, atakuelewa upesi. Ukimfumbulia yule msichana mdomo, Ildefons, nakuapia, sitakuja kwenye maziko yako, na ukinitangulia kufika kwa Celina nitakukuta huko nikutoe nje.

Buberwa


Kamachumu,
24 Desemba 2023

Mjukuu wangu Kokwijuka,

Umetaka jibu moja, chukua: baada.

Barua yako ya tarehe 24 niliisoma siku ya tatu toka tumzike bibi yako. Bashiri alikuja kutoa pole, ananyata mlangoni kama mwizi wa kuku. Kumbe ile ndoo ya bluu aliipitisha kwake kwanza, mkewe akaipenda, akaiwekea unga wa muhogo, na barua ikakaa kwenye dashibodi ya Kosta ikienda Bukoba na kurudi kila siku kama abiria mwenye tiketi ya mwaka. Akanipa bahasha imepauka kwa jua. Nilitaka kumpiga, nikaona nina msiba, nikaacha. Ndiyo sababu hukupata jibu, ndiyo sababu nilikutumia kikapu. Ulihisi hivyo mwenyewe, ukaandika: au Bashiri hakukufikishia. Hakufikisha.

Juisi nilianza kumpa Oktoba. Hakuna aliyenifundisha. Nilimwona mke wangu anakonda nikafanya kitu ambacho mwanaume yeyote wa Kamachumu mwenye migomba angefanya: nilikamua. Nilipokuandikia habari za senene jike alikuwa ameshakunywa wiki nyingi. Ungejibu siku hiyo, ungejibu mwakani, vikombe vilikuwa vimeshapita. Hata ungeniandikia usimpe, ningesema huyu mtoto anajua nini kuhusu ndizi. Unanijua nisivyosikia.

Kwa hiyo hiyo barua iliyoko mezani ichane. Ichane vipande vidogo, usije ukaiunganisha.

Mkono unaotetemeka nao una dawa. Ushike kitu. Hapa hospitali walichukua tone moja la damu la Celina, kidole tu, na nusu saa haikupita wakatuambia kila kitu tulichokificha miezi yote. Tone moja! Mimi sikujua tone linasema hivyo. Na Kamachumu imejaa wanawake ambao gauni linawazunguka, na waume zao wanakamua ndizi, na wanaogopa jina lile lile tuliloogopa sisi. Ma Benigna nimeshamwambia. Nilimwambia barazani, kwa sauti kubwa, makusudi: Celina alikuwa na sukari, nendeni mkapimwe. Kufikia jioni ilikuwa imefika Muleba. Kwa mara ya kwanza mdomo wake umefanya kazi halali. Wewe unajua kumweleza mtu kitu mpaka wa darasa la nne anaelewa. Watu wa namna hiyo hawaachi kazi.

Kitambaa cha bibi yako ulichokata, usikirudishe dukani. Shona uvae. Kitakuzidi upana, hiyo ni kazi ya fundi.

Wazee hapa wananiambia nikae na mtu nyumbani. Sitaki mtu. Ila wewe niandikie, na uandike ndefu, hata za senene, hata zile za shanga nane nisizozielewa vizuri. Nimekwenda stendi nikagombana na Bashiri mbele ya watu wote, akakiri, akaapa hatachelewesha barua tena.

Barua zako sasa nitakuwa nazisoma siku ile ile zinapofika.

Babu yako,
Buberwa